Treni Adimu Ndiyo Inayopanga

Binti wa mdogo wangu ana shahada mbili na simu inayojua saa ya kila ndege inayotua Dubai. Juzi aliniuliza ni programu gani itampangia likizo ya treni: Dar es Salaam, Lusaka, Livingstone, Bulawayo, alale kila mji siku kadhaa na afanye vijisafari vya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nilifurahi kuona damu ya safari haijapotea ukoo mzima. Kisha akauliza TAZARA inaingia Lusaka saa ngapi.

Haiingii. Haijawahi kuingia. Reli inaishia Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar, na Lusaka iko mbele kilomita kama mia mbili hivi. Hata hapo Kapiri, stesheni ya TAZARA na ile ya Reli ya Zambia ni mbili mbalimbali, na baina yao utaburuta begi lako kwenye vumbi. Zamani jambo hili alilijua hata muuza njugu wa Vingunguti.

"Sasa nyinyi mlikuwa mnajuaje, baba mkubwa?"

Tulikuwa tukienda kwa mzee.

Mzee alikuwa na duka jembamba Kariakoo, upande wa Mtaa wa Msimbazi, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kibao cha nje kilisema madaftari na wino. Kazi yake hasa ilikuwa kujalidi. Misahafu iliyochakaa, juzuu za watoto wa madrasa, vitabu vya hesabu vya wenye maduka: vilifika kwake vikiwa majani yanayopeperuka, vikatoka vitabu. Gundi aliipika mwenyewe, unga wa ngano na maji ndani ya kopo la maziwa, juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha akatia mrututu kidogo ili mende wasile kazi yake. Harufu hiyo, ya uji unaoanza kushika chini, mafuta ya taa na kahawa chungu aliyoagiza kila alasiri, ilikaa kwenye nguo mpaka ufike nyumbani. Mke wangu alikuwa akinusa shati langu na kusema, "Leo tena umekwenda kusafiri."

Ujanani alikuwa karani wa tiketi katika reli ya Afrika Mashariki. Alianzia kwao Kigoma, akahamishwa huku na huko, na reli ilipogawanywa akachukua mafao yake akafungua duka. Ratiba hakuacha kuzisoma, kama wengine wasivyoacha kusoma kurasa za mpira hata timu yao ikishuka daraja. Chini ya meza, ndani ya mfuko wa mto, alitunza kitabu cha ratiba cha Thomas Cook, kile cha jalada la buluu kilichohusu nchi zilizo nje ya Ulaya. Msafiri mmoja alimwachia, na jalada lilipokatika akakijalidi upya kwa kitambaa cha kaki, kwa hiyo buluu yenyewe ilibaki kipande kidogo mgongoni.

Nimetazama tarehe. Ratiba za Cook za Ulaya zilianza kuchapwa 1873. Hiki cha buluu kilianza 1981, kikitoka kila miezi miwili. Sisi basi tulisafiri baada ya hapo. Mimi nasema 1988, mke wangu anasema 1989 kwa sababu alikuwa amekwisha kumwachisha ziwa mtoto wetu wa kwanza. Tuuache mwaka.

Cha maana ni penseli. Juu ya kila saa ya kizungu mzee aliandika saa yetu, 15.50 ikawa saa tisa na dakika hamsini alasiri, na pembeni aliandika mambo ambayo Waingereza waliochapa kitabu wasingeyajua: wapi pana maji ya kunywa, wapi wabadili fedha wanapanda, gesti ipi ya Livingstone iko karibu na stesheni lakini mbali na baa. Hakuwa amefika huko hata mara moja. Ujira wake ulikuwa huo: hatozi senti, ila ukirudi unakaa kwenye kigoda, unaagiziwa kahawa, unahojiwa. Treni iliondoka saa ngapi kweli? Afisa uhamiaji wa mpakani Nakonde alipanda au mlishuka? Ukijibu "sikumbuki" aliifunga penseli kwenye kitambaa na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari.

Kanuni yake ilikuwa moja: treni adimu ndiyo inayopanga, wewe unafuata. Sisi tulikwenda kwake na orodha ya tunayotaka kuona. Hakuitazama. Akauliza tunatakiwa kurudi kazini lini. Tulikuwa walimu wote wawili, likizo ya Juni. Akaanzia mwisho. Treni ya abiria kutoka Kapiri kurudi Dar ilikuwa mara mbili tu kwa wiki. Basi siku hiyo ikapigiwa msumari kwanza. Kutoka hapo akarudi nyuma: lini lazima muwe Lusaka, lini muondoke Livingstone. Ya Bulawayo na Victoria Falls ilikuwa kila usiku, kwa hiyo akaiacha mwisho. "Hiyo haina kiburi," alisema, "itawangoja."

Alipomaliza, zilibaki siku zisizo na treni, na hapo ndipo vijisafari vilipozaliwa. Hakuvipanga kwa uzuri wa mahali. Alivipanga kwa pengo: hapa mna siku moja mnangoja, nendeni pahali pa karibu mrudi kabla ya magharibi. Siku hizi watu huanza na vivutio, kisha wanakasirika kuwa usafiri hauungani.

Fedha za kigeni ndizo zilizokuwa mtihani, na rika langu halihitaji kusimuliwa. Tukapata kidogo, tukaondoka.

Kwenye TAZARA wanaume walilala vyumba vyao na wanawake vyao, daraja la pili vitanda sita, kwa hiyo fungate yetu iliyochelewa tuliianza kwa kukutana kwenye behewa la chakula kama wachumba wanaochungwa. Mke wangu alipata faida. Chumbani mwake walikuwa wanawake wafanyabiashara wa Tunduma, na mpaka tunamaliza mahandaki baina ya Mlimba na Makambako alikuwa amekwisha kujua bei ya kwacha kuliko benki yoyote. Mbugani tuliona twiga kabla ya jua kuzama. Makambako tulitetemeka kwa baridi. Mpika wakaja kina mama na viwavi waliokaushwa kwenye sahani, nikala, wakacheka.

Livingstone ndiyo iliyokuwa akili ya mpango wa mzee. Maporomoko yako kilomita kama kumi nje ya mji. Siku ya kwanza tuliyatazama upande wa Zambia, tukalowa mpaka mifukoni. Mwezi Juni maji bado ni mengi na moshi wake unakufunika. (Binti anataka kwenda Oktoba. Nimemwambia Oktoba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu, sharti avuke.) Siku ya pili tulivuka kwa miguu na mabegi, juu ya daraja la mwaka 1905, mto ukiwa mita 128 chini yako na mabehewa ya mizigo yakipita ubavuni. Mabegi tuliyaacha stesheni ya Victoria Falls, inayotazamana na ile hoteli kubwa ya tangu 1904, tukashinda kwenye maporomoko upande wa pili, jioni tukapanda treni. Usiku wa treni ni usiku usiolipia gesti. Hilo nalo liliandikwa kwa penseli.

Mabehewa yale yalikuwa ya mbao zilizong'arishwa, na kwenye vioo vyake bado zilichorwa herufi RR, za reli ya Rhodesia, taifa likiwa limekwisha kupata uhuru wake na jina jipya. Kando ya mbuga ya Hwange reli inanyooka bila kona zaidi ya kilomita 110. Utasema si kitu, lakini lala kitandani usisikie gurudumu likigeuka mpaka usingizi wenyewe uchoke.

Bulawayo tulikuwa na pengo la siku mbili. Ya kwanza Matobo, majabali yaliyobebana, ambako Rhodes alijichagulia kaburi kwenye kilima cha watu wengine. Ya pili Khami, kilomita 22 tu kutoka mjini, kuta za mawe zilizopangwa kwa nakshi kama mkeka, mji mkuu uliofuata baada ya Zimbabwe Kuu. Khami hatukuwa tumeisikia kabla. Tuliiona kwa sababu siku ya treni ya Kapiri ilikuwa bado.

Tuliporudi mzee alituhoji alasiri nzima. Mke wangu ndiye aliyemjibu, mimi nilikunywa kahawa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mzee alifariki, duka likawa la vifaa vya simu, kisha ghorofa. Kitabu sijui watoto wake walikipeleka wapi. Cha buluu kiliacha kuchapwa 2010, na Thomas Cook yenyewe ikafilisika 2019. Zambia wakakata sifuri tatu kwenye kwacha, Zimbabwe wakaitupa dola yao kisha wakaitafuta tena. Treni ya usiku ya Bulawayo na Victoria Falls ilisimama 2020 kwa sababu ya korona. Kwetu imekuja ya umeme ya Dodoma, safi na ya haraka, siikatai. Ila ukitaka kuvuka mpaka kwa treni na kushuka mji baada ya mji, leo una kipande hapa na basi pale, na simu inayokuambia yote hayo kwa rangi nzuri bila kukwambia uanze na lipi.

Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba mpya wa TAZARA na kampuni ya China, miaka 30, dola bilioni 1.4. Sina ugomvi nao. Wakimaliza kukarabati nataka wachapishe ratiba ya karatasi, waibandike pale stesheni ya Barabara ya Nyerere, iwe na treni ya Zambia na ya Zimbabwe kwenye ukurasa uleule hata kama si zao. Na saa ya Tanzania na saa ya Zambia waziandike kwa wino tofauti, maana Nakonde saa inarudi nyuma moja, na abiria hugombana na saa zao mpaka Kasama.