Wanaume Waliolala Porini

Mwaka 1988, wiki ya sensa, wanaume wengi wa kijiji nilichokuwa nikifundisha wilayani Kwimba walilala porini. Hapakuwa na vita wala simba. Walikuwa wamesikia serikali itapita nyumba kwa nyumba na karatasi, ikiuliza majina ya wanaume na umri wao, na kwa miaka ile karatasi ya serikali yenye jina la mwanamume ilikuwa na maana moja tu: kodi ya maendeleo. Mgambo walikuwa wakizingira minada na vilabu vya pombe kuwasaka wasio na stakabadhi. Aliyekutwa hana alishikiliwa hadi ndugu zake wauze mbuzi.

Walimu wa shule za msingi ndio tuliofanywa makarani wa sensa, maana ndio tuliojua kuandika vizuri na watu walitufahamu. Tulipewa madodoso, penseli, kifutio na chaki ya kuandika namba ya kaya mlangoni. Msingi wa kazi yote ulikuwa swali moja: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 28 Agosti? Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapeta mtama uani.

"Baba mwenye nyumba yuko wapi, mayu?"

"Amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Hakusema, mwalimu."

Balozi wa nyumba kumi aliyeniongoza alikohoa na kutazama kando. Naye alikuwa na vijana wa kiume. Karani huandika jibu analopewa na mwenye kaya, nami niliandika. Vijana niliowaona juzi yake wakichunga ng'ombe kando ya uwanja wa shule hawakuwa wa kaya yoyote. Sijui ni vijiji vingapi vilijificha namna ile. Mwishowe nchi nzima ilitangazwa kuwa na watu milioni 23.1, na kila niliposikia idadi hiyo redioni niliwakumbuka waliokuwa vichakani.

Wanawake hawakujificha, lakini wao walikuwa na ugumu mwingine, nao ni umri. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Ajuzi mmoja, mjane, alinijibu kwamba miaka yake anaijua Mungu. Kwa watu kama yeye tulipewa kalenda ya matukio: kuondoka kwa Wajerumani, uhuru, Azimio la Arusha, kuhamishiwa vijijini, Vita vya Kagera. Nikamuuliza anakumbuka nini cha zamani kabisa. Akasema anakumbuka Wajerumani wakiondoka. Wakati huo alikuwa binti mdogo, anatumwa maji kwa kibuyu na si kwa mtungi. Nikauliza habari za reli. Uso ukachangamka. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na ilipita kwetu, Malya, Bukwimba na Mantare. Alikwenda kulitazama garimoshi akiwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na mtoto akalia kwa ule mlio hadi jioni.

Basi tukahesabu pamoja. Binti wa kubeba kibuyu mwaka 1916 ana miaka kama saba. Miaka 12 baadaye ana mtoto mgongoni. Watoto waliotuzunguka wakapiga kelele, "Mwalimu, andika 80!" Nikaandika 79. Watakwimu wanajua kwamba watu wakikisia umri hukimbilia namba zinazoishia na sifuri au tano, na ukichora watu kwa umri wao unaona vilima vinavyosimama kwenye 30, 40, 50, na mabonde katikati yake. Ile 79 niliiandika kwa heshima. Mwanamke yule alikuwa ameishi chini ya Wajerumani, Waingereza na Mwalimu Nyerere, na hakuna aliyewahi kukaa chini akamsaidia kujua ameishi miaka mingapi.

Sensa ya 2002 ilinikuta nikiwa msimamizi. Safari hii madodoso yalikwenda kusomwa na mashine, kwa hiyo tuliwasihi makarani waandike tarakimu ndani ya visanduku vyake, wasikunje wala kuchafua. Matokeo yalitoka baada ya miezi, wala hatukusubiri miaka: watu milioni 34.4. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini kichakani bado kulikuwa na watu, kwa sababu kodi ilikuwa ipo.

Kodi ile ikafutwa mwaka 2003. Nadhani mabadiliko makubwa kuliko yote katika takwimu za nchi hii hayakutokea katika ofisi ya takwimu. Yalitokea siku mgambo walipoacha kuwakimbiza wanaume. Agosti 2012 nilipita kijiji kilekile, nikawakuta akina baba wameketi chini ya mwembe asubuhi na mapema, mmoja amevaa shati la kwendea kanisani, wakiuliza karani amefika wapi. Mmoja wao alinifuata kulalamika kwamba karani amempita. Mwaka 1988 mtu huyo alikuwa kijana mchunga ng'ombe.

Sisemi kwamba hofu iliisha yote. Mwaka huohuo wa 2012 baadhi ya Waislamu walikataa kuhesabiwa, wakidai kipengele cha dini kiwemo, na siku za kuhesabu zikaongezwa. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliuliza kabila na dini, zilizofuata hazikuuliza. Ninaheshimu uchungu wa waliogoma, lakini naamini kuyaacha maswali hayo kulikuwa busara. Nimefundisha madarasa yenye watoto wa makabila mengi, na nafurahi kwamba hakuna jedwali la serikali la kuwapanga.

Mwaka 2022 nilikuwa mstaafu, na karani alikuwa binti wa mdogo wangu. Alikuja na kishikwambi. Alibonyeza, ramani ikamwonyesha mipaka ya eneo lake na mahali aliposimama. Maswali yalikuwa mengi kuliko yote niliyowahi kuuliza: maji, choo, nishati ya kupikia, simu, mifugo, ulemavu, vyeti vya kuzaliwa. Kishikwambi kilikataa kuendelea pale jibu lilipopingana na jibu lililotangulia. Mama akisema ana miaka 20 na mtoto wake ana 12, kinamrudisha karani aulize upya. Kazi hiyo zamani niliifanya usiku kwa taa ya chemli, na kosa likigundulika asubuhi ni kupanda baiskeli kurudi kwenye kaya. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti, na tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma: watu 61,741,120. Wanawake walikuwa asilimia 51. Vishikwambi vikapelekwa kwa walimu, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Kutoka milioni 23.1 hadi 61.7 ndani ya miaka 34. Ongezeko la kati ya 2012 na 2022 lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, wakati muongo uliotangulia lilikuwa 2.7. Kwa mwalimu hizo ni idadi za madawati. Darasa langu la kwanza la 1988 lilikuwa na watoto wa kutosha kukaa watatu watatu. Wajukuu wa watoto hao leo wanasoma kwa zamu.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao sisi wa vijijini tuliuelewa kwa kuchelewa. Kila Juni, bajeti inaposomwa, hutajwa pato la taifa, na hutoka kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye kundi la nchi za uchumi wa kati wa chini, baada ya pato la mtu mmoja kwa mwaka 2019 kufikia dola 1,080, mpaka ukiwa dola 1,036. Kijiweni watu waliniuliza kwa ukali: mwalimu, hizo dola zangu nani anazo? Niliwachorea mchangani. Juu, pato lote la nchi. Chini, idadi ya watu wote. Ukigawa, unapata pato la kila mmoja, awe nalo au asiwe nalo. Mkulima mmoja wa pamba alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo wale waliokimbilia porini walitufanya tuonekane matajiri." Alikuwa ameelewa. Kigawanyo kikipungua, kila mtu anaonekana ana zaidi. Mwanamume anapokosekana kwenye dodoso, anakosekana pia kwenye umaskini wa taifa, kwenye dawa za zahanati na kwenye madarasa.

Ndiyo maana wastani peke yake haunitoshi, na nasubiri zaidi utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Ule wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya watu wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Huo ndio unaosema dola zile zimelala kwa nani. Bei nazo ni hivyohivyo. Miaka ya themanini mfumuko wa bei ulizidi asilimia 25 na mshahara wetu uliyeyuka kabla ya kufika mjini Ngudu kununua sabuni. Siku hizi mfumuko hutangazwa kila mwezi, nao huwa karibu na asilimia 3. Lakini mama wa sokoni hununua mchele na mafuta ya kula, na kwake hivyo viwili ndivyo mfumuko wenyewe.

Sensa ijayo, kwa mpango wa kila miaka kumi, ni 2032. Waliohesabiwa wakiwa wachanga mgongoni mwaka 2022 watakuwa na miaka kumi. Wachanga ndio wanaosahaulika kwa urahisi kuliko wote, kwa kuwa mzazi akiulizwa kaya ina watu wangapi huwataja wanaotembea. Binti wa mdogo wangu nilimfundisha aulize mara ya pili, kwa upole, kama kuna mtoto aliyezaliwa mwezi huu. Na nimeiandikia halmashauri yetu ombi moja: idadi ya kata igawanywe hadi kitongoji, kwa umri, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, karibu na orodha ya wanaodaiwa michango ya shule. Watu waliotoka porini wana haki ya kuona walihesabiwa kwa ajili ya nini. Mwenyekiti wa kijiji amenijibu kwamba ubao ni mdogo. Nimemwambia fundi seremala ninaye, na mbao nitatoa mimi.