Matokeo ya Wawili Wawili

Kwa karibu miaka miwili sasa, kodi ya nyumba yangu imekuwa ikilipwa na wanaume nisiowajua, wanaocheza tenisi wawili wawili.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Usiku natumiwa matokeo: majina mawili, kistari cha mshazari katikati yao, halafu majina mengine mawili na nambari. Natakiwa niandike muhtasari wa maneno 120. Nikimaliza, nalipwa shilingi 150. Wakina Djokovic na Alcaraz wana waandishi wao. Mimi naachiwa mechi ambazo hata mashabiki wengi wa tenisi huinuka na kwenda kutafuta chakula zikianza.

Tulianza tukiwa wawili. Jamaa yangu wa bedsita moja, Kahawa Wendani, ndiye aliyepata hiyo akaunti. Yeye alikuwa mtu wa nambari, mimi mtu wa maneno. Angekagua seti na taibreki, kisha anisukumie laptopu, nami niandike. Pesa zilikuwa zinaingia kwake, halafu simu yangu inalia: M-Pesa, nusu kwa nusu. Hatukuwahi kukosana hata kwa shilingi kumi.

Kitu kingine tulichokuwa nacho sawa ni kwamba sote tulikuwa tumeacha kampo. Tofauti ni kwamba kwao walijua. Kwetu hawakujua.

Nyumbani kwetu Kitale, neno "matokeo" si neno la kuchezea. Matokeo ya KCSE yalipotoka, mathe alinunua kreti nzima ya soda na jirani aliyekuwa hamsalimii akaja kunywa. Mwaka wa pili karo ilipogoma kabisa, aliuza ng'ombe. Tulikuwa na mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na maziwa. Mwaka wa tatu deni likarudi, nikazuiwa mlangoni siku ya mtihani kwa sababu ya salio, na sikurudi tena. Mathe akipiga simu kuuliza, nilimwambia wahadhiri wamegoma. Uzuri wa uongo huo, ukiwa Kenya, ni kwamba mara nyingi ni kweli.

Sasa, Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2024. Jiji lilikuwa bado lina wasiwasi wa maandamano, sisi tuko ndani tunafuatilia fainali ya Wimbledon. Upande mmoja Max Purcell na Jordan Thompson wa Australia. Upande wa pili Harri Heliövaara wa Finland na Henry Patten wa Uingereza, ambao hawakuwa hata kwenye orodha ya timu zilizopewa nafasi. Waaustralia walifika pointi ya ubingwa mara tatu. Mara tatu wakanyimwa. Matokeo yakasoma 6-7, 7-6, 7-6, ile taibreki ya mwisho ikiisha 11-9.

Nilipoanza kusoma kuhusu washindi, nikasahau muhtasari. Heliövaara aliwahi kuacha tenisi kwa miaka kadhaa kwa sababu ya majeraha, akawa anahudumia abiria uwanja wa ndege wa Helsinki. Patten naye aliwahi kufanya kibarua hapohapo Wimbledon, kurekodi takwimu za mechi za wengine. Yaani jamaa alikuwa anaandika matokeo, kama sisi!

Niliandika yote hayo. Mteja akanirudishia na ujumbe mfupi: toa hadithi, tunataka matokeo tu.

Jamaa yangu alicheka. Mimi sikucheka.

Mwezi wa tisa, jioni moja tukila ugali na sukuma, akaniambia amelipa deni lake. Alikuwa anaweka akiba kimyakimya kutoka ile nusu yake. Anarudi kampo, amebakisha mwaka mmoja. Akaunti akaniachia nikae nayo. Nikamwambia, "Poa sana, bro." Halafu nikaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Akihama, nikaanza kuchelewa kujibu meseji zake. Baadaye nikaacha kabisa. Nilijiambia niko bize. Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa tunapata pesa zilezile, kutoka mechi zilezile. Yeye alikuwa amenunua shahada. Mimi nilikuwa nimenunua simu.

Kipindi hicho nilikuwa nasoma sana kuhusu Bob na Mike Bryan, mapacha wa Marekani. Pamoja walishinda mataji 119, yakiwemo 16 ya Grand Slam. Niliwapenda kwanza kwa sababu moja ya kijinga: waliacha chuo. Walikuwa Stanford, wakatoka baada ya miaka miwili wakawa wachezaji wa kulipwa. Nilikuwa nakaribia kumtajia mathe mfano huo. Lakini ukiusoma vizuri unakuta walitoka mwaka 1998 wakiwa ndio mabingwa wa vyuo vyote vya Marekani kwa wawili wawili. Wao walitoka kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Mimi nilitoka kwa sababu ya salio.

Kilichonikaa zaidi ni mwaka wao wa 2018. Bob aliumia nyonga, ikabidi afanyiwe upasuaji na kuwekewa chuma. Mike akatafuta mwenzake mwingine, Jack Sock, na akashinda Wimbledon. Akashinda US Open. Akashinda na fainali za ATP mwisho wa mwaka. Ukifungua matokeo ya mwaka huo, unaona "Bryan" kisha kistari, kisha jina ambalo si Bryan. Nilijiuliza, mtu aliye nyumbani na mguu umefungwa anasomaje matokeo kama hayo? Sijui Bob alisema nini. Ninachojua ni kwamba Januari 2019 alikuwa uwanjani tena kando ya ndugu yake, na Machi wakashinda Miami.

Mike hakumngoja Bob kwa kukaa chini, na Bob hakumnunia Mike kwa kushinda. Nikaona mimi ndiye niliyekuwa nimenuna.

Kwa hiyo Januari 2025, Heliövaara na Patten walipochukua Australian Open baada ya kupoteza seti ya kwanza kwa taibreki ya 18-16, nikampigia jamaa yangu simu. Sikuwa na hotuba. Nilisema tu, "Umeona wale wetu?" Akajibu, "Mse, nilidhani ulikufa." Tukaongea hadi kredo yangu ikaisha, akanipigia yeye. Ndipo akaniuliza, "Na mathe umemwambia?"

Kwenye wawili wawili, yule aliye karibu na neti humwonyesha mwenzake ishara kwa vidole nyuma ya mgongo kabla mpira haujaanzishwa. Wapinzani hawaoni. Huyu ndiye aliyekuwa anajua kilicho nyuma ya mgongo wangu, na miezi yote hiyo hakuwahi kukitumia dhidi yangu.

Nilichukua hadi Disemba. Jamaa yangu alifuzu, nikaenda kwenye mahafali yake, nikapiga picha na familia yake nikiwa nimesimama pembeni kidogo. Picha ikafika Kitale, sijui kupitia kwa nani. Mathe akapiga. "Huyu si mlikuwa mnakaa pamoja? Yako ni lini?"

Nikatoka nje ya ploti, nikasimama karibu na matangi ya maji, nikamwambia. Yote. Mtihani, mlango, migomo ya uongo, tenisi.

Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikaangalia kama simu imekatika. Halafu akauliza kitu kimoja: "Na ng'ombe wangu?"

Sikuwa na jibu. Akakata.

Wiki tatu hakupiga. Nilijaribu kumpigia, ikawa dada yangu ndiye anashika, anasema mathe yuko shamba. Saa mbili usiku, yuko shamba.

Nikakaa nikapiga hesabu kama alivyokuwa akipiga jamaa yangu. Muhtasari mmoja, 150. Kodi, unga, bando. Kinachobaki ni kidogo, lakini kinabaki. Tangu hapo, kila Ijumaa namtumia mathe shilingi 500. Sisemi ni za nini. Kwa mwendo huu ng'ombe atachukua miaka, na sijui kama kuna ng'ombe anayelipika hivyo. Jamaa yangu anasema nikimalizana na ng'ombe tuanze kuhesabu lile salio la kampo. Namwambia tutaona.

Kwa wiki sita pesa zilienda na hakuna aliyesema kitu. Mteja wangu angefurahi: hakuna hadithi, nambari tu.

Ijumaa iliyopita nilituma nikiwa katikati ya mechi ya raundi ya kwanza, mechi ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiitazama. Simu ikalia. Ilikuwa meseji ya mathe, neno moja.

"Imefika."