Kopo la Yosefu

Wengi wenu mnakaa shambani, na labda mnawaonea wivu watu wa mjini. Mimi ni karani wa parokia mojawapo ya Dar es Salaam, nami nakaa Manzese. Leo napenda kuwasimulia jambo lililonipata nilipotoka safarini.

Mwezi wa Juni, 2023, nilikwenda Uganda kwa dada yangu, aliyeolewa kijiji kimoja karibu na Masaka. Shemeji alikuwa amevunjika mguu, na kahawa imekwisha iva. Nikakaa huko majuma matano. Asubuhi tulichuma kahawa kati ya migomba, mchana tukaianika, jioni tukala matoke. Watu wa huko hawapitani njiani kama mbuzi. Husimama na kusalimiana, "Wasuze otya", yaani umelalaje, kisha huulizana habari za nyumbani, taratibu, mpaka ziishe. Usiku nilisikia vyura bondeni na upepo katika migomba, basi. Juma la kwanza ukimya ule ulininyima usingizi. Kufika juma la tatu nililala fofofo.

Nikarudi kwa basi, kwa njia ya Mutukula na Bukoba. Niliposhuka kituoni Mbezi, wapigadebe wakanivuta huku na huku, pikipiki zikanipigia honi, kichwa kikaanza kuniuma. Nyumbani kwetu upande mmoja yuko fundi wa kuchomelea mageti, upande wa pili iko baa inayopiga muziki hata usiku wa manane. Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa nimezizoea kelele hizo. Sasa zilinipiga kama mawe. Jicho lina kope, lakini sikio halina mlango; hata mtu akilala, lasikia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi za Ulaya kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, kwa sababu zikizidi hudhuru afya. Kwetu Manzese nani atazipima?

Siku ya nne nilikuwa nimejilaza mchana. Mwanangu Yosefu, mwenye miaka sita, akaja mlangoni akipiga kopo la maziwa kwa kijiti. Nikatoka kwa hasira, nikamnyang'anya kopo, nikalitupa juu ya paa, nikamgombeza hata majirani wakatoka kutazama. Mtoto hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na jioni ile hakuniambia neno.

Tulipokwisha kula mke wangu akasema kwa upole, "Baba Yosefu, majuma matano mtoto huyu kila siku aliniuliza utarudi lini. Ile ni ngoma yake, aliitengeneza akupokee nayo. Tangu urudi umeziba masikio, naye hajui akufikie kwa njia gani."

Niliona haya sana. Fundi sikumwambia kitu, wala mwenye baa. Hasira yangu yote nilimmwagia aliye mdogo. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile debe tupu nilikuwa mimi.

Kesho yake nikaazima ngazi, nikalishusha kopo, nikamwomba mwanangu radhi. Nikamwambia, "Haya, nipigie ngoma yako." Alinitazama usoni kwanza, kisha akapiga polepole sana. Ilichukua siku nyingi kabla hajapiga tena kwa nguvu.

Fundi nilimwendea kwa adabu, akakubali kufunga kazi saa moja jioni. Baa ingali ikipiga muziki wake. Lakini sisi, baada ya chakula, huzima redio na simu, tukaulizana habari za siku, kila mtu kwa zamu yake, taratibu, kama watu wa Masaka.

Ninyi mlioko shambani ukimya mnao bure. Mtoto akija na kopo lake, msikilizeni.