Mfupa wa Mbwa na Ini la Mbuzi

Wazee husema: mfupa uliomshinda fisi, mbwa hauwezi. Methali hiyo twaijua sote, lakini twaisahau tunapomtupia mbwa kila kilichobaki sahanini. Mimi nasoma hapa Gitega, na kwetu ni Muyinga. Mahali pote pawili nimewatazama mbwa wakila mifupa, nikamwuliza mganga wa mifugo na mwalimu wetu wa biolojia. Yafaa niwaandikie wenzangu machache niliyojifunza, maana wengi wetu tuna mbwa nyumbani, walindao mbuzi usiku.

Kwanza, mfupa uliopikwa ni mbaya kuliko mbichi. Hapa mjini, siku za sikukuu, mifupa ya kuku hujaa jalalani na mbwa huikimbilia. Moto huukausha mfupa na kuuondolea unyumbufu wake, hata ukitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha kama miiba. Vipande hivyo huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mfupa mbichi haupasuki upesi hivyo.

Lakini ubichi peke yake hautoshi. Mfupa na uwe mkubwa kuliko kinywa cha mbwa, asiweze kuumeza mzima. Wala usiwe ule mgumu wa mguu wa ng'ombe, uvunjao meno. Mtu asimame karibu akitazama, na kikibaki kipande kidogo akiondoe. Tena mfupa si chakula cha kushibisha: mbwa alaye mifupa mingi hufunga choo, akateseka. Na aliyeshika nyama mbichi anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa iko vijidudu visivyomwonea mbwa, lakini vyamharisha mtu.

Pili, na hili ndilo kubwa, hatari iliyo mbaya zaidi haimo katika mfupa. Imo katika ini na mapafu yanayotupwa pamoja nao.

Likizo iliyopita, kule Muyinga, baba mdogo alichinja mbuzi. Katika ini tuliona vifuko viwili vya maji, vyeupe, kama malengelenge. Akalikata lile ini ili ampe mbwa. Binti yake mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa amemkumbatia mbwa huyo shingoni, kama ilivyo desturi yake kutwa.

Nikasema, "Baba mdogo, naomba neno."

"Sema, mwanangu."

"Tafadhali, ini hilo lisiliwe na mbwa."

Akacheka. "Babu zetu waliwapa mbwa mabichi, na hatukusikia mbwa amekufa."

"Ndivyo, baba. Mbwa hafi. Anayeumia ni mtoto."

Hapo akanyamaza, nami nikamweleza. Vifuko vya namna hii vipo mbalimbali, na macho peke yake hayatoshi kuvitenga. Kimojawapo kina mbegu za tegu mdogo sana, asiyefika hata sentimita moja. Mbwa akila kifuko hicho, tegu hukua utumboni mwake, na mbwa haonekani mgonjwa. Mayai hutoka na mavi, yakashika manyoya, majani na mboga. Mtoto amshikaye mbwa, kisha akatia vidole kinywani, huyameza. Ndani ya mtu kifuko huota katika ini au mapafu, polepole, miaka mingi, hata pengine lazima apasuliwe.

Nikamtajia watu wa Turkana, kaskazini ya Kenya. Kule ugonjwa huu ulienea kupita karibu mahali pengine pote duniani, kwa kuwa mbwa walikaa na watu nyumba moja, hata waliachwa kuwalamba watoto wachanga ili wawasafishe. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuupiga vita huko: kuwapasua wagonjwa, kuwapa mbwa dawa ya tegu, na kuwafundisha watu wasiwape mbwa matumbo mabichi. Turkana ni mbali na Muyinga, lakini mbuzi, mbwa na mtoto ni walewale.

Baba mdogo hakujibu kitu. Alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya zizi, akafukia ini na kuweka mawe juu, mbwa asifukue. Kisha akamwita binti yake aje kunawa.

Basi, wenzangu, likizo ikifika mtakuwapo watu wachinjapo. Msione haya kusema kwa adabu. Ini na mapafu yenye vifuko yafukiwe au yachomwe. Na mtu atakaye kumpa mbwa matumbo, ayachemshe kwanza nusu saa nzima. Mwulizeni mganga wa mifugo dawa ya tegu. Nanyi mliokwisha kuhitimu, ambao maneno yenu husikilizwa vijijini kuliko yetu, tusaidieni katika jambo hili, maana ni la watoto wenu.