Kuenzi na Kuiba Katika Sinema

Msomaji, kama una umri wa miaka 16 na unapenda kutunga, yamkini umekwisha kuiba. Sisemi haya kukuvunjia heshima. Nayasema kwa sababu mimi mwenyewe niliiba nikiwa na umri huo, hapa hapa Tezo, na nilichokiiba kilikuwa sarafu moja tu.

Siku zile, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, palikuwa na kibanda cha makuti kilichoonyesha sinema za video kwa nguvu za jenereta. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Tulikaa juu ya magogo ya minazi, moshi ukituingia machoni, tukatazama filamu za Kihindi ambazo lugha yake hatukuijua na habari zake tulizielewa zote. Iliyopendwa kupita zote ilikuwa Sholay, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Yumo kijana aitwaye Jai ambaye, kila wanapokabiliwa na jambo la kuamua yeye na mwenzake Veeru, hurusha sarafu juu. Jai akiisha kufa, Veeru aitazama sarafu ile, kumbe pande zake zote mbili ni sawa! Rafiki yake hakubahatisha kamwe; alikuwa akichagua mwenyewe, na mara ya mwisho alichagua kubaki nyuma ili mwenzake aokoke. Hapo kibanda kizima kilinyamaza.

Nikaandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya shule. Wahusika wangu walikuwa wagema wawili waliokosana na tajiri wa korosho, na mmoja wao alikuwa na sarafu yenye pande mbili zilizo sawa. Mwalimu aliponiuliza fikira njema kama ile nimeipata wapi, nilijibu, "Imenijia usiku, mwalimu." Siku ya maonyesho wazazi na majirani walialikwa. Sarafu ilipotokea, sauti ikapaa kutoka nyuma ya umati: "Jai! Jai!" Alikuwa yule mwenye kibanda, amefurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia, natetemeka.

Mwalimu hakunipiga wala hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mzee yule alipoitambua sarafu, ulifurahi au uliogopa?"

Swali lile sikuliacha shuleni. Nimelitumia baadaye kupima kazi za watu wakubwa kuliko mimi, na sijaona mizani iliyo sawa zaidi. Mtazame Akira Kurosawa wa Japani. Mwaka 1954 alitoa Seven Samurai, kisa cha wanakijiji maskini wanaowakodi wapiganaji saba wawalinde na wanyang'anyi. Wamarekani waliipenda, wakanunua haki ya kuitunga upya, wakatoa The Magnificent Seven mwaka 1960, na ndani ya filamu yenyewe wakaandika kuwa chanzo chake ni ile ya Kijapani. Mwaka 1961 Kurosawa huyo huyo akatoa Yojimbo, habari ya mpiganaji asiye na bwana anayeingia katika mji wenye makundi mawili ya mahasimu na kuyagonganisha. Miaka mitatu baadaye Mtaliano Sergio Leone akatoa A Fistful of Dollars. Upanga umegeuka bastola na mji umehamia mpakani mwa Meksiko, lakini kisa ni kile kile, na jina la Kurosawa halimo. Wajapani wakadai haki yao. Jambo likaisha kwa mapatano, na Kurosawa akapewa asilimia 15 ya mapato.

Je, filamu ya Leone ni mbaya? La, ni nzuri mno, na hapo ndipo penye uchungu. Twapenda kudhani kuwa mwizi ni yule asiye na kipaji. Leone alikuwa nacho cha kutosha kutaja jina la mwenziwe asipungukiwe na kitu. Alijitetea kuwa kisa chenyewe ni cha kale, kwamba asili yake yaonekana katika mchezo wa Carlo Goldoni wa karne ya 18. Utetezi huo si wa kutupwa, maana Kurosawa naye alichota katika filamu ya Kimarekani, The Glass Key, ya mwaka 1942. Lakini yeye alikiri.

Hata Sholay yangu haikutoka mbinguni. Wapiganaji wa kukodiwa kulinda kijiji wamepita njia ya Kurosawa, na mauaji ya jamaa ya Thakur yamefuata mfano wa filamu nyingine ya Leone, ya mwaka 1968. Visa ni maji ya kisima, kila mtu huteka. Ndoo ndiyo yenye mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa au kurekodiwa, si wazo lielealo kichwani. Wagema wangu walikuwa wangu. Sarafu ilikuwa ndoo ya mtu.

Jirani yetu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikulia akisimuliwa na kaka yake sinema za mapigano ambazo yeye hakuziona. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, yenye bunduki za kuundwa kwa vyuma chakavu na msimulizi anayefanya mzaha juu ya picha. Hafichi kwamba amejifunza kwa sinema za Kimarekani. Mtazamaji akizitambua, hucheka pamoja naye. Yeye nadhani angalifurahi kusikia "Jai!"

Muhula huu mwanafunzi wangu mmoja ameniletea mswada wa filamu ya kupeleka kwenye tamasha la maigizo na filamu. Ni kazi nzuri. Katikati yake mna tukio zima ambalo nimeliona kwingine, neno kwa neno. Nilipomwuliza, aliinama, kisha akasema, "Mwalimu, nikitaja nilikolitoa, watasema filamu si yangu." Nikamsimulia habari za kibanda, za sarafu, na za mzee aliyepiga kelele. Alisikiliza asiseme neno, akauchukua mswada wake kwenda nao nyumbani. Hajaurudisha bado, na nafasi ya sahihi yangu ingali tupu.