Kupandikiza Nywele: Ayajue Bibi Harusi Kabla ya Kulipa

Nawaandikia kutoka Saza, huku Songwe kwenye machimbo ya dhahabu, ambako nashona magauni ya harusi. Wakija kujaribu shela, mabibi harusi wengi hugusa paji la uso na kuuliza: nywele zilizokwisha mbele zinarudi? Swali hilo ni langu pia. Zangu zimerudi nyuma kwa miaka ya kusukwa na kuvutwa, nina akiba kidogo, na matangazo ya Uturuki yamejaa kwenye simu yangu.

Tuanze na dini. Mtume (S.A.W.) amekataza kuunganisha nywele, na hadithi yake iko katika Bukhari na Muslim. Kupandikiza nywele zako mwenyewe pale zilipopotea ni jambo jingine. Sheikh Ibn Uthaymin alijibu kwamba inafaa, kwa kuwa ni kurudisha alichoumba Allah na kuondoa kasoro, si kujizidishia. Alikumbusha kisa cha watu watatu wa Bani Israil, ambapo mwenye upara alipanguswa na malaika akapewa nywele nzuri.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza huitwa FUT. Daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona jeraha, kisha huugawa ukanda katika vipande vidogo vyenye nywele moja hadi nne na kuvipanda mbele. Hubaki kovu la mstari, ambalo nywele ndefu hulifunika. Ya pili ni FUE. Hapo mizizi hung'olewa mmoja mmoja kwa kitoboleo chenye upana wa kama milimita moja. Makovu yake ni vidoa vidogo, ila mara nyingi kisogo hunyolewa kwanza.

Kwa sisi wenye nywele za kipilipili kuna jambo zaidi. Mzizi wetu hujipinda chini ya ngozi kama nywele inavyojipinda juu. Kitoboleo kikienda wima kinaweza kuukata, na mzizi uliokatwa hauoti. Basi muulize daktari amewapandikizia wangapi wenye nywele kama zako, na uone picha zao. Ikiwa sikio lako lilivimba kovu ulipotobolewa, mwambie mapema, maana FUT inaweza kukuachia kovu nene. Faida yetu ni kwamba nywele zilizojipinda hufunika ngozi vizuri, hata zikiwa chache.

Tazama pia mstari wa mbele. Ukipangwa umenyooka kama rula, utaonekana umevaa wigi. Unaopendeza huanza na nywele nyembamba, moja moja, zimelala kuelekea mbele.

Halafu muda. Nywele zilizopandwa hudondoka wiki za mwanzo, huanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana baada ya kama mwaka. Ndoa ikiwa mfungo mosi na sasa ni Rajabu, usitarajie kitu.

Lakini kubwa kuliko yote ni sababu. Nywele zilizovutwa zikikatika mapema, huweza kurudi zenyewe ukiacha rasta za kubana na wigi za gundi. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa, mizizi imekufa, na hapo ndipo upandikizaji una kazi. Kama utosini kuna ugonjwa unaoendelea kuua mizizi, hata mipya itakufa.

Kwa hiyo akiba yangu itaanza na nauli ya kwenda Moshi, KCMC, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Kichwa kichunguzwe kwanza, ndipo nijue kama Uturuki ina maana.

Nawe uliyeposwa, mwambie mchumba ukweli wa nywele zako kabla ya nikaha. Shela huficha kichwa ukumbini, si chumbani. Allah atujaalie uzuri usio na udanganyifu. Amin.