Huruma Yenye Mikono



Kitabu cha Mithali, sura ya 12 mstari wa 10, chatufundisha kumtambua mtu mwema kwa namna anavyomjali mnyama aliye chini ya mkono wake. Tumelisikia jambo hilo likihubiriwa mara nyingi, na wengi wetu tukalisikia huwaza ng'ombe, mbuzi na kuku, maana hao hutuletea maziwa, nyama na mayai. Mbwa tunamweka kando. Kwetu mbwa hulala nje, hula makombo, na akiugua huachwa apone mwenyewe au afe. Naomba leo niwasimulie habari ya mbwa mmoja aliyeletwa nyumbani kwangu akiwa mgonjwa, na mambo aliyotufundisha juu ya huruma.

ALIYETOKA RELINI

Sisi tunakaa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Barabara ya kwenda Ifakara na reli ya TAZARA zinapita kwetu, kati ya milima na mashamba ya mpunga na miwa. Milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, na makao makuu ya hifadhi yako hapa hapa.

Mwezi wa Machi mwaka 2022, mvua za masika zikiwa zimeanza, kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka 9, alirudi kutoka shuleni amebeba kiroba. Ndani yake mlikuwa na mbwa mdogo wa kama miezi miwili, mwekundu, tumbo limevimba kwa minyoo na mbavu zinahesabika. Alimkuta kando ya reli pamoja na wenzake wawili waliokwisha kufa.

Mume wangu alichungulia ndani ya kiroba, akanitazama. "Mama watoto," akasema taratibu, "huyu hafiki Jumapili."

Siku nyingine pengine ningemwambia mtoto amrudishe alikomtoa. Lakini mwezi wa Januari mwaka huo tulikuwa tumemzika bibi yake, mama yake mume wangu, ambaye mtoto huyu alikuwa akilala nyumbani kwake tangu akiwa na miaka mitatu. Bibi aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, na mjukuu hakumwona tena ila siku ya jeneza. Tangu hapo mtoto alikuwa amenyamaza. Anakula, anakwenda shule, anafanya kazi anazotumwa, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Siku ile ya kiroba ndiyo aliyoongea kwa muda mrefu kuliko siku zote za msiba. Nikamwambia mume wangu, "Baba, tumwache kwanza." Naye, kwa kuwa alikuwa amefiwa na mama, hakubisha.

KWANZA TAHADHARI

Kabla ya kumpa hata maji, nilimwuliza mtoto maswali matatu. Amekung'ata? Amekukwaruza? Amekulamba mahali penye kidonda? Alipojibu hapana, nilimkagua mikono na miguu, akanawa kwa sabuni, na mbwa tukamweka peke yake katika banda la zamani la kuku. Asubuhi yake tulimwita bwana mifugo.

Nasema haya mapema kwa sababu huruma ya mama haina budi kwanza kumlinda mtoto. Kichaa cha mbwa huweza kumpata hata mbwa mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu vifo vyote hutokana na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, dawa karibu haipo. Lakini kabla ya dalili kinga ipo: kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali akachanjwe. Chanjo hiyo si ya jana. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur aliitumia kumwokoa mtoto aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa na miaka 9 kama mwanangu.

Bwana mifugo alimpa mbwa dawa ya minyoo, akatushauri tuendelee kumtenga, tuvae glovu tunapomhudumia, na watoto wasimshike. Mtoto alimpa jina la Tazara. Majirani walicheka, lakini jina likashika.

SIKU SITA

Siku ya nne Tazara alikataa uji. Jioni alianza kutapika povu la manjano, na usiku akaanza kuharisha damu yenye harufu kali ambayo aliyewahi kuisikia haisahau. Asubuhi hakuweza kuinua kichwa.

Bwana mifugo alipomtazama alisema kwa dalili zile anaona ni parvo. Huu ni ugonjwa wa virusi uliojulikana duniani mwaka 1978 tu. Hushambulia utumbo wa mbwa wadogo na kuzimaliza nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Binadamu hawaambukizwi. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe. Kinachofanyika ni kumrudishia mgonjwa maji, kuzuia kutapika, kumpa dawa ya kuzuia vijidudu vingine visipate nafasi, na kumtunza asipate baridi. "Wasiotibiwa wengi hufa," alisema. "Akivuka siku ya tatu na ya nne, tumaini lipo."

Kisha akafanya jambo nililolitambua mara moja. Alivuta ngozi ya shingo ya mbwa kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, ikarudi polepole sana. Nani kati yetu hakufundishwa hilo kliniki? Ndivyo anavyotazamwa mtoto aliyepungukiwa maji kwa kuhara. Nikajua basi kwamba kazi ile si ngeni kwangu. Nimelea watoto wanne katika bonde lenye maji mengi na magonjwa ya tumbo mengi.

Bwana mifugo alimdunga maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, pakavimba kama nundu ya ndama, na uvimbe ukapungua kadiri mwili ulivyoyanywa. Alirudi kufanya hivyo kila siku. Kwa kuwa sindano ya kuzuia kutapika ilisaidia, alituruhusu kumpa kidogo kidogo maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maziwa, ambayo watu wengi huyakimbilia, alikataza, maana huongeza kuhara.

Nilitumia bomba la sindano lililoondolewa ncha. Tone kwa tone pembeni mwa mdomo, kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika kumi. Akitapika, tunapumzika nusu saa na kuanza upya. Nilimfunga katika kipande cha blanketi, na pembeni nikaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Mimi nilivaa glovu. Mwanangu alikaa mlangoni mwa banda na tochi, na daftari la hesabu magotini, akiandika kila kijiko kilichoingia na kila kilichotapikwa. Mvua ilikuwa ikinyesha usiku kucha juu ya bati.

Usiku wa pili, yapata saa nane, Tazara alikuwa baridi na ufizi wake mweupe kama karatasi. Mtoto aliweka kalamu chini.

"Mama, naye atakufa kama bibi?"

Nilitamani kumwambia hapana. Lakini mtoto aliyedanganywa juu ya kifo hasahau, nami sikutaka Mungu aonekane mwongo kwa ajili ya maneno yangu. Nikamjibu, "Sijui, mwanangu. Lakini akifa, hatakufa peke yake."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni miezi miwili. "Bibi alikuwa peke yake?" Nikamwambia la, baba yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika mkono, na bibi aliulizia kama mjukuu wake amekula. Hapo mwanangu akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia msibani, kwa sauti, mpaka baba yake akatoka nje na mwavuli, akaketi naye pale mlangoni juu ya kinu kilicholazwa. Hawakusema mengi. Mimi niliendelea na kijiko changu.

Siku ya nne ya ugonjwa Tazara hakutapika. Siku ya tano alilamba uji mwepesi wa mchele uliopondwa. Siku ya sita nilipofungua banda alisimama kwa miguu inayotetemeka, akatikisa mkia mara mbili, akaanguka. Katika daftari mwanangu aliandika: "Amesimama."

MANENO YA JIRANI

Kipindi hicho tulikuwa tunachangia vitenge vya sare ya akina mama kwa ajili ya Pasaka. Fedha yangu ya sare ndiyo iliyokwenda kwenye dripu na sindano. Mama mmoja, tunayependana sana, alinijia na kusema bila kuficha, "Dada yangu, watu wanakopa unga, wewe unampigia mbwa dripu?"

Ni swali la haki, na sikukasirika. Kama nyumbani kwangu pangekuwa na mtoto anayelala njaa, au jirani aliyekosa nauli ya hospitali akanibishia hodi, fedha ile ingekwenda huko kwanza, na Tazara angepata maji ya chumvi na sukari peke yake. Binadamu ni wa kwanza. Lakini kitenge si unga. Nilichokinyima ni nguo yangu mpya, na Jumapili ya Pasaka nilivaa sare ya zamani nikaimba sawasawa na wenzangu.

Tena nilimwambia jirani yangu hivi. Watoto hatuwafundishi huruma kwa kuwasomea. Huiona pale inapomgharimu mama usingizi na fedha, kwa ajili ya kiumbe ambacho hakiwezi kulipa. Mtoto aliyeona hivyo atajua namna ya kukaa kando ya kitanda chetu siku tutakapokuwa wazee. Jirani alicheka, akasema nimempata. Kesho yake alileta mchele wa uji wa Tazara.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mama mwenye mbwa nyumbani, au mwenye mtoto wa kuokota vilivyoachwa, naomba ayashike haya.

Mbwa usiyemjua asishikwe na watoto. Mwite bwana mifugo kwanza, na aliyeng'atwa au kukwaruzwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa mdogo anayetapika na kuhara damu asisubiri kesho. Apungukiwapo maji saa chache ni nyingi. Mtenge na mbwa wengine, na kinyesi chake kizikwe mbali.

Virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi mingi, hata mwaka. Sisi tulichoma matandiko, tukaosha banda kwa Jik iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa thelathini, na hatukuingiza mbwa mdogo mwingine pale.

Minyoo ya mbwa huweza kuwadhuru watoto. Mbwa apewe dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Zaidi ya yote, chanjo. Ya parvo huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa, na ya kichaa isikose. Bonde letu lina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010, wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa wilaya 28 za Tanzania zilizokuwa katika mradi wa kuchanja mbwa kwa wingi ili kutokomeza kichaa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Na kwa sisi tunaopakana na hifadhi, mbwa asiyechanjwa ni hatari hata kwa wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaojulikana kwa mbwa, uliua simba wapatao 1,000 huko Serengeti, theluthi moja ya simba wote wa pale.

Tazara alichanjwa baada ya kupona, na huchanjwa kila mwaka. Sasa ni mbwa mkubwa, hulinda kuku dhidi ya kicheche na kubweka nyani wanaposhuka kutoka mlimani kuja kwenye mahindi. Mwanangu naye ameanza kuzungumzia kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo. Mungu akipenda. Kwa sasa tunamhimiza hesabu.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nawaomba akina mama, katika jumuiya zenu, mwalikeni bwana mifugo wa kata yenu siku hiyo au karibu nayo. Mwulizeni chanjo inatolewa lini na wapi, kisha watangazieni watu baada ya ibada. Watumeni watoto wawapeleke mbwa wenu wakiwa wamefungwa kamba vizuri, na mtu mzima awasindikize.

Mungu aliyeumba wakubwa na wadogo azibariki nyumba zenu.